Mbwa wa Mshikaji Huwa wa Mwisho Kwenye Laini

Saa tatu asubuhi, uwanja ulio nyuma ya soko la Muthetheni unanuka mbwa. Ndunda Muli amepiga goti moja kwenye vumbi, amembana mbwa wa rangi ya udongo katikati ya mapaja yake. Mkono wa kushoto umekamata ngozi ya shingo, wa kulia umemfunika macho.

"Ikala nthi," anamwambia kwa Kikamba, kwamba aketi chini atulie, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto apate usingizi.

Mbwa anatulia. Daktari Winfred Ndeti, ofisa wa mifugo, anachoma sindano na kuichomoa kabla mnyama hajajua kilichompata. Ndunda anamfunga utepe mwekundu shingoni, alama kwamba amechanjwa, anamwachia, na mbwa anaondoka mbio akimburuta mmiliki wake hadi barabarani.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ndunda, mwenye umri wa miaka 57, ni mshika mbwa katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, kazi ambayo ameifanya kwa miaka kumi na miwili. Hana cheti wala koti jeupe. Hulipwa shilingi mia nane kwa siku, na siku zenyewe hazifiki ishirini kwa mwaka. Siku zilizobaki yeye ni mkulima wa ndengu, mbaazi na mahindi yanayokauka kila mvua inapoamua kufupisha safari.

"Daktari anadunga, mimi nashika," anasema. "Ukishika vibaya, hiyo sindano inaingia kwa mkono ya daktari ama kwa yako. Mimi nimeumwa mara kumi na moja. Saba kati ya hizo, makosa ilikuwa ya mwenye mbwa."

Makosa ya mwenye mbwa anayajua kama mwalimu anavyojua makosa ya insha. Kuna anayemwachia kamba wakati meno yako karibu na mkono wa Ndunda. Kuna anayeapa kwamba mbwa wake hajawahi kuuma mtu, na hapo ndipo Ndunda hukunja mikono ya koti na kujiandaa.

Mbwa wenyewe wamefungwa kwa chochote kilichopatikana nyumbani. Kamba ya katani, mshipi wa suruali, waya wa stima, kipande cha chandarua. Mzee mmoja amemleta wake kwenye wilibaro kwa sababu mbwa amekataa kutembea, na mzee hakuona sababu ya kumlazimisha.

Ukiwauliza watu hawa njiani, watakuambia kwamba mbwa ni mbwa tu, kazi yake ni kubweka, mahali pake ni nje. Usiwaamini. Wangoje kwenye laini ya sindano uwaone.

Bibi Nzembi, mjane wa miaka 74, amemfunika wake kwa leso yake mwenyewe, ile ya kanisani, akabaki na kichwa wazi juani. Mbwa huyo anaitwa Mheshimiwa.

"Nilimpa hilo jina kwa sababu anaonekana tu wakati ya chakula," anasema Nzembi. "Lakini nikiwa mgonjwa haendi mahali. Analala hapo kwa mlango mpaka niamke. Watoto wangu wako Athi River na Nairobi. Huyu ndiye anajua nimeamka na miguu gani."

Zamu yake inapofika, Nzembi anageuka upande wa pili na kufumba macho. Mheshimiwa hasemi kitu. Anayelia ni Nzembi.

Mambo kama hayo yangetosha kuifanya siku ya Ndunda iwe ya kucheka. Lakini hacheki. Kila baada ya mbwa watatu au wanne anainua macho na kuitazama laini, na laini ni fupi. Oktoba mwaka jana, saa kama hizi, mbwa tisini walikuwa wameshadungwa hapa hapa. Leo ni thelathini na mmoja.

Sababu anaijua. Sababu ni yeye.

Ili kuielewa aibu ya Ndunda, lazima kwanza umjue Sajini.

Sajini alikuwa mbwa wa kawaida wa kijijini, mweusi, mwenye soksi nyeupe mguu mmoja wa mbele. Ndunda alimpata akiwa mdogo wa kutosha kuingia kwenye kofia. Alikua na tabia zake, na hakuna aliyezibadilisha. Hakuwa akimbwekea mgeni. Alimfuata nyuma kimya kimya kutoka langoni hadi mlangoni, akamkabidhi kwa wenyewe, kisha akarudi langoni. Mgeni akiaga, alimsindikiza vivyo hivyo hadi nje. Watu walicheka wakasema huyo si mbwa, ni askari wa zamu, ndipo jina likamkaa.

Alichukia miavuli. Alipenda kulalia viatu vya Ndunda, jambo lililomchelewesha mzee kanisani Jumapili nyingi. Na alikuwa na subira ambayo Ndunda anasema hajaiona kwa mbwa mwingine, na mbwa aliowashika ni maelfu.

Subira hiyo ndiyo iliyompa kazi. Katika kampeni mbili zilizopita, Sajini aliandamana na Ndunda kila kituo, Muthetheni, Masii na kwingineko. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya kisanduku cha barafu chenye chanjo, mita moja kutoka kwa sindano, bila kamba. Mbwa waliofika wakitetemeka walimwona ametulia, nao wakapunguza kelele.

"Alikuwa mfanyakazi mwenzangu," anasema Daktari Winfred. "Nikifungua kisanduku, anasogea anaketi. Hakuna aliyemfundisha."

Kila mtu alimwona pale mbele, kila mwaka. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuuliza kama yeye amedungwa.

Hakuwa amedungwa.

Hapa Ndunda anapangusa mikono kwenye suruali, kisha anaeleza bila kujipendelea. Chanjo huletwa kwa makadirio, na mbwa huja bila makadirio. Oktoba mwaka jana kituo cha Muthetheni kilikuwa na dozi 150. Wakaja mbwa 163. Kuna watu walikuwa wametembea kilomita saba wakiwa na mbwa begani. Angeanzaje na wake?

"Watu wamepanga laini tangu saa kumi na mbili," anasema. "Wewe unashika hiyo kazi, kitu ni ya bure, halafu unachukua yako kwanza? Hapa kwetu mwenye boma hakuli kabla ya mgeni. Ningeanza na Sajini, wangeenda wakisema Ndunda amekula chanjo ya watu."

Basi akamweka Sajini mwisho. Dozi zikaisha kabla ya mwisho. Akajiambia atamdunga kesho yake Masii. Masii laini ilikuwa ndefu kuliko ya Muthetheni, na Ndunda akaona haya vile vile. Mwaka wa kwanza ilikuwa hivyo, mwaka wa pili ikawa hivyo. Daktari Winfred alipouliza kwa haraka jioni moja kama wote wamemalizwa, Ndunda alijibu ndiyo. Alikuwa na maana ya wote waliokuwa kwenye laini.

Katika nchi ambamo kila siku tunasoma habari za watu waliojihudumia kwanza, huyu alijihudumia mwisho, na malipo yake mtayasikia.

Tepe nyekundu, kwa kuwa huja kwa mabunda, hazikuisha. Saba zilibaki kwenye mfuko wa koti la Ndunda, zikingoja kampeni nyingine.

Ilikuwa Februari mwaka huu, saa nne asubuhi. Ndunda alikuwa shambani. Mkewe, Wayua, alikuwa uani akipura ndengu alizozianika kwenye turubai. Mbwa mgeni aliingia kwa kupitia pengo la ua, kichwa kimeinama, mate yakimning'inia, akitembea upande kama mlevi. Akaenda moja kwa moja kwa Wayua.

"Nilikuwa na fimbo ya kupuria ndengu mkononi na sikukumbuka niko nayo," anasema Wayua, ambaye tunamkuta nyumbani baadaye siku hiyo. "Sajini hakubweka. Nilimwona tu yuko katikati yetu."

Walipigana juu ya ndengu. Yule mgeni akashindwa, akatoka alikoingilia. Vijana walimuua mchana huo karibu na mto, na majibu ya maabara yalipokuja yalithibitisha alikuwa na kichaa. Wayua hakuguswa hata unyayo. Sajini alikuwa na jeraha moja kwenye sikio, dogo sana, matone mawili ya damu.

Ndunda aliporudi, mkewe alimsimulia yote, lakini hakuwa na wasiwasi juu ya mbwa. Mbwa wa mshikaji amechanjwa, nani asiyejua hilo? Alimwona mumewe anaketi chini ghafla.

"Hakudungwa," Ndunda alisema.

"Nani hakudungwa?"

"Sajini. Dozi iliisha. Miaka yote mbili."

Wayua anakumbuka alichomwambia. "Nilimuuliza, wewe unashika mbwa ya kila mtu, hii yako ulikuwa umemwekea nani?"

Kisha akasema lile ambalo mke yeyote mwenye akili angelisema. Sheria ya kichaa cha mbwa wanaijua, kwa maana Ndunda mwenyewe ameitangaza kwa miaka kumi na miwili. Mbwa aliyechanjwa akiumwa, huongezwa sindano moja na kuangaliwa. Asiyechanjwa, habari yake ni nyingine.

"Baba Katunge, mfunge hiyo utepe," Wayua alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Uko nayo kwa mfuko. Daktari akikuja ataona, atamwongeza sindano, aende. Nani anajua?"

"Mimi najua."

"Wewe pekee."

"Na wewe sasa," akajibu.

Siku mbili Ndunda hakumwambia mtu. Alimfunga Sajini kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala, akamkataza mjukuu wao Linet, mwenye umri wa miaka sita, kumkaribia. Linet alimrushia ugali kwa mbali. Sajini, ambaye maisha yake yote hakuwahi kufungwa, hakulalamika. Wageni walipoingia langoni alisimama, mnyororo ukamvuta nyuma, akaketi tena.

Utepe Ndunda aliutoa mfukoni, anakiri. Aliutoa mara mbili. Mara ya pili aliufikisha hadi shingoni mwa mbwa na kuupima.

Kilichomzuia ni nduguye. Ngui, aliyemfuata Ndunda kuzaliwa, aliumwa na mbwa wa jirani akiwa na miaka tisa, kidonda kikapona, familia ikasahau. Wiki sita baadaye mtoto akaanza kuogopa kikombe. Ndunda, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, ndiye aliyepewa kazi ya kumshika ili wamnyweshe maji kwa nguvu. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba kichaa cha mbwa kilikuwa kimeshamshika na maji hayangemsaidia, na Ngui alifariki.

"Hapo ndipo nilijifunza kushika," anasema.

Siku ya tatu alimpigia simu Daktari Winfred na kumwambia ukweli wote. Daktari alikuja kwa pikipiki alasiri. Aliwaeleza kwamba kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumfungia mbwa miezi sita mahali penye kuta na kufuli, asikofikiwa na mtu, mbuzi wala kuku. Ndunda alitazama boma lake, ua wa miti iliyochomekwa, zizi la matawi ya miiba, na Linet aliyekuwa amesimama mlangoni akinyonya kidole. Ya pili daktari hakumaliza kuitaja.

Daktari Winfred alishusha kisanduku kutoka kwenye pikipiki na kukiweka chini. Sajini alikiona. Akasimama, akatikisa mkia, akavuta mnyororo mpaka alipofika karibu nacho, akaketi kando yake, mgongo wima.

"Alidhani tumeenda kazini," anasema Ndunda.

Alimshika mwenyewe. Daktari alimwambia kwamba si lazima, kwamba angemwita mtu mwingine. Ndunda alikataa. Alipiga goti, akakamata ngozi ya shingo, akafunika macho. Akamwambia ikala nthi, ingawa mbwa alikuwa ameshaketi.

Walimzika nyuma ya mbaazi, shimo refu kama daktari alivyoagiza. Linet aliuliza kwa nini Sajini hakulia.

Mtu angetarajia kwamba kijiji kingempa mzee huyu heshima yake. Alikuwa na uongo mfukoni, mwekundu, tayari kufungwa, akaamua kutoutumia. Kijiji kilichukua nusu ya habari ile, kama kawaida, na nusu kiliyoichukua ni ile iliyokuwa chachu zaidi. Wiki ile ile ilisemwa sokoni kwamba mbwa wa mshikaji mwenyewe hakuwa amechanjwa. Kufikia Pasaka ilisemwa kwamba alikataa kumchanja kwa sababu anajua siri ya dawa hiyo. Wengine wakasema aliuza dozi yake.

Josphat Mbithi, fundi wa baiskeli hapa sokoni, ana mbwa wawili na hajamleta hata mmoja, ingawa karakana yake iko hatua hamsini kutoka kwa Ndunda.

"Mimi sina ubaya na mzee," anasema bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu. "Lakini uniambie. Kama mpishi hali chakula yake, mimi nitakula?"

Ndunda amesikia. Hatua hamsini si mbali. Anaendelea kumfunga utepe mbwa aliye mbele yake, na anakosea fundo, na analifungua, na kulifunga upya.

Kinachomuuma, anasema, si kusemwa. Ni hesabu ya vichwa. Ili kijiji kiwe salama, angalau mbwa saba kati ya kumi wanapaswa kuchanjwa, hivyo ndivyo daktari anavyowafundisha. Saa nane mchana, kisanduku kinapofungwa, mbwa waliodungwa ni 64. Safari hii dozi zimebaki. Zimebaki themanini na sita, kwenye barafu inayoyeyuka.

"Hao mia moja walikuja mwaka jana na hawakuja leo wako nyumbani," anasema Ndunda. "Wanalala na watoto. Mimi ndio nimewaweka huko."

Nyumbani, jioni hiyo, Wayua anaandaa chai na kuimimina kwenye vikombe vitatu. Ni mwanamke mkarimu, na hajaficha uchungu wake kwa mgeni. Tangu Februari, anasema, anampikia mumewe, anamfulia, wanalima pamoja. Lakini ukikaa nao kidogo utagundua kwamba hamwiti tena Baba Katunge. Humwita "wewe."

"Mbwa alinipigania mimi, akalipwa sindano," anasema. "Na ukweli alisema, ndiyo, najua. Alisema ukweli kwa daktari, alisema kwa kila mtu. Lakini aliichelewesha. Angeisema Oktoba, kwa laini, aseme jamani na mimi niko na mbwa. Maneno sita. Akaona haya."

Ndunda yupo, ameketi kwenye kigoda, kikombe mkononi. Viatu vyake viko mlangoni, vyote viwili, mahali alipovivulia, hakuna wa kuvilalia.

Kesho ni zamu ya Masii, na Ndunda ana mpango. Amemwomba Daktari Winfred kipaza sauti kwa dakika mbili kabla ya sindano ya kwanza. Daktari alisita, akamwonya kwamba watu wanaweza kumcheka, au wakaondoka na mbwa wao. Mwishowe alikubali. Wamekubaliana pia jambo jingine, kwamba kuanzia kesho mbwa wa wafanyakazi wa kampeni watadungwa kwanza, mbele ya watu wote.

Atasema nini? Ndunda anaweka kikombe chini na kunyoosha mgongo, kana kwamba Masii nzima imejaa hapo uani.

"Nitasema jina yangu ni Ndunda, mimi ndio yule mshikaji mnasikia. Dawa ni nzuri. Mbwa yangu hakukufa kwa sababu ya dawa, alikufa kwa sababu hakuipata. Na hakuipata kwa sababu mimi niliogopa macho yenu. Halafu niwaambie walete mbwa, nishike."

Anatumaini kufikisha mbwa mia mbili Masii, halafu warudi Muthetheni wiki ijayo na zile dozi zilizobaki, nyumba kwa nyumba, wakianzia kwa Josphat. Wayua anasikiliza akiwa amempa mumewe mgongo, akichambua mboga. Hasemi kwamba atakwenda kumsikiliza. Hasemi kwamba hatakwenda.

Tunamuuliza Ndunda kama atafuga mbwa mwingine. Anatazama lango.

"Bado," anasema. "Unajua, wangenisema. Kama ningeanza na Sajini, wangenisema wiki moja, labda wiki mbili. Halafu wangechoka."